Kopo la Mwisho la Unga wa Ngozi

Katika Kasongo yote na Kabambare yote, mtu anayejua unga wa ngozi ni kitu gani ni mmoja tu, na ndiye anayeandika hapa. Niliondoka nyumbani na mashati mawili. Nikavuka ziwa, nikaosha sakafu ya kiwanda cha ngozi mpaka kucha zikageuka rangi ya chai, nikasoma jioni baada ya kazi, nikapata diploma bila mjomba wa kunisukuma wala barua ya padri. Wenzangu waliobaki huku wamepata vyeti vyao kwa kuku na mbuzi. Changu nilikipata mbele ya mizani, na mizani haili kuku.

Nieleze huo unga, maana watu wengi wakisikia neno unga hufikiria chakula. Ni ngozi ya ng'ombe iliyotolewa nywele kwa chokaa, ikaoshwa, ikakaushwa mbali na moto, ikasagwa mpaka ikawa kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Kazi yake ni moja, kunyonya ukakasi. Ngozi mbichi huivishwa na ukakasi wa magome ya miti, ule unaokausha ulimi ukila ndizi mbichi. Ukitaka kujua magome fulani yana nguvu kiasi gani, unayachemsha, unachuja maji yake, unayagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza unalikausha na kupima uzito wa kinachobaki. La pili unalitikisa pamoja na unga wa ngozi kwa dakika kumi, unga unakunywa ukakasi wote, kisha unachuja, unakausha, unapima. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nguvu ya magome. Unga ukiwa mzuri, jibu ni zuri. Unga ukiwa mvivu, mti bora kuliko yote utaonekana ni mti wa kuni.

Kwa sababu hiyo, kule ng'ambo kopo jipya la unga lilipofika hakuna aliyelitumia kabla halijalinganishwa na lile la zamani, kwa maji ya magome yale yale, siku ile ile. Mwalimu wangu, mtu mkavu asiyecheka, aliwahi kumwaga kopo zima kwenye pipa mbele yetu kwa sababu lilipishana kidogo tu na lililolitangulia. Hiyo ndiyo shule niliyotoka. Huku nyumbani mtu akikuta kopo limeandikwa kwa herufi nzuri, shaka zake zote zimekwisha.

Niliporudi, mfanyabiashara mmoja wa Salamabila alinichukua kazini. Alikuwa ametajirika kwa kuwauzia wachimba dhahabu viatu na mikanda, akaamua kutengeneza ngozi yake mwenyewe. Akachimba mashimo manane ya kuivishia ngozi nje ya Kasongo, karibu na kijito, akayajengea kwa saruji, akanipa chumba chenye dirisha na paneli ya jua. Mtu huyo hawezi kutofautisha gome na biskuti. Anavaa kofia pana hata ndani ya nyumba, na kila jambo asiloelewa analiita kelele. Lakini alikuwa na akili ya kuniajiri, na hilo namkubalia.

Magome, au maganda kama watu wa huku wanavyoyaita, yalitoka upande wa Lusangi, kwenye vilima vyenye mti fulani wa gome jekundu. Aliyeyaleta ni mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu mama, pamoja na wanawake wengine watano. Yeye ndiye aliyewafundisha kubandua gome bila kuua mti, kulianika kivulini na kulitwanga. Mwaka wa kwanza nilipima magome yake kwa unga niliokuja nao kutoka ng'ambo, nikakuta nguvu kubwa, nikaiandika kwenye daftari. Mashimo yakajazwa, ngozi zikaiva, kila mtu akajisifu kana kwamba yeye ndiye aliyepima.

Nilikuwa nimerudi na makopo mawili. La kwanza liliisha. La pili likabaki na kiasi cha pimo moja tu. Niliagiza jingine, likapotelea kati ya lori na lori, kwa barabara zetu hizi ambazo mvua moja inazigeuza shamba la mpunga. Mwishowe tajiri akasema: “Tafuta mutu wa hapa hapa akutengenezee. Si ni ngozi tu? Mbuzi na ng'ombe haziishi.”

Ngozi tu. Kumjibu mtu kama huyo ni kupoteza mate.

Mtu wa hapa hapa alipatikana Kabambare. Zamani alikuwa muuguzi, sasa ana mashine ya kusaga mihogo, na kwa kuwa aliwahi kuvaa koti jeupe anajihesabu mwanasayansi. Nilimwandikia karatasi mbili kwa mkono wangu, hatua kwa hatua: chokaa siku ngapi, maji mara ngapi, kausha wapi, saga namna gani. Juu kabisa nikaandika na kupigia mstari: tafuta ngozi bora kabisa, safi, isiyoguswa na wadudu.

Baada ya wiki nyingi unga ukaja kwa pikipiki, ndani ya kopo la maziwa. Ulikuwa mweupe kuliko wa ng'ambo, na ulinukia maua ya waridi. Nilicheka peke yangu. Nikaupima kwa maji matupu nione kama unatoa uchafu, haukutoa. Hapo ilinipasa kuulinganisha na ule wa zamani. Lakini wa zamani ulikuwa pimo moja, nao niliutunza kama masalia ya mtakatifu. Nilikuwa pia na kichupa cha dondoo, maji ya magome yaliyokolezwa, kutoka kiwanda cha ng'ambo, ambayo nguvu yake inajulikana na imeandikwa kwenye karatasi yake, na hiyo nayo nikaionea huruma. Nikajiambia kwamba karatasi niliyoiandika mimi haiwezi kuzaa kitu kibovu.

Magome ya msimu mpya yalipofika nikayapima kwa unga mpya. Nguvu yake ilitoka chini ya nusu ya mwaka uliopita. Nikarudia, jibu likawa lile lile. Ilikuwa Jumamosi, wanawake wa Lusangi wamekaa juu ya magunia yao uwanjani, tajiri amesimama na kofia yake, wafanyakazi wanangoja kujaza mashimo. Nikatoka na daftari.

“Mama mudogo,” nikasema, “maganda haya yamechanganywa.”

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Hakuacha kufunga. “Yamechanganywa na nini?”

“Na mti mwingine. Ao ni mabaki ya zamani. Mizani inasema nguvu haiko.”

“Mizani yako iliniona nikichanganya?”

Wenzake wakacheka. Mimi nikasema kwamba mizani haihitaji macho. Akachukua kipande cha gome kwenye gunia, akakitia mdomoni, akakitafuna, akatema mate mekundu karibu na kiatu changu.

“Lete ulimi wako, Bwana Diploma. Onja. Ao ulimi nao uliusahau ng'ambo?”

Sikuonja. Kuonja ni kazi ya wapishi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu wote, na ninakumbuka kwamba nililisema vizuri, kwa sauti ya darasani.

Tajiri akainua mkono. “Mie sitaki kelele. Juma Mosi inayokuja nataka mashimo yajazwe. Kama maganda ni haya, tutayamwaga pale mutoni, nitaleta dawa ya kiwanda ya kuivisha ngozi kutoka mujini. Na wamama wa Lusangi nisiwaone tena hapa. Mutu anayechanganya maganda leo, kesho atachanganya nini?”

Hayo maneno ya mwisho yalifika Lusangi kabla ya mama mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa anaaminiwa kupikia wageni wa parokia. Jumapili hiyo, mbele ya sufuria ya majani ya mihogo, mwanamke mmoja akamwuliza: “Mama, na sombe hii umechanganya na majani gani?” Watu wakacheka. Mama mdogo alifua aproni yake ya upishi, akaikunja, akairudisha kwa mkuu wa wamama wa parokia, akaenda nyumbani. Niliyasikia hayo kwa mtu aliyekuja kuuza samaki, nami nikajibu kwamba sayansi haina shangazi wala mama mdogo. Nililipenda sana hilo jibu langu.

Jumatano mama mdogo akaja. Hakusalimu. Alitoa kwenye jani la mgomba kipande cha ngozi ya mwana-mbuzi, chembamba, kilichokuwa bado kinachuruzika, akakiweka juu ya meza yangu, juu ya daftari.

“Mbuzi alichinjwa Juma Mosi, kwenye ndoa ya jirani. Nilitoa nywele kwa majivu. Tangu siku ile iko ndani ya maji ya maganda yangu, chungu kimoja. Kata.”

“Mama, kipande cha ngozi si kipimo.”

“Nimesema kata.”

Nikachukua wembe, nikakata. Ngozi isiyoiva, ukiikata, katikati huonyesha mstari mweupe, kama nazi ndani ya kifuu. Nilitafuta mstari huo kwa macho, kisha kwa lenzi. Haukuwepo. Kipande kilikuwa rangi ya kahawia toka upande huu hadi upande ule. Magome yenye nguvu chini ya nusu hayafanyi kazi hiyo kwa siku nne.

Aliniangalia uso, akaona alichotaka kuona, akakunja jani lake. “Ile unga yako,” akasema akiwa mlangoni, “uliiuliza yenyewe imetoka wapi?”

Alipoondoka nilitoa kile kichupa cha dondoo. Nikakipima kwa unga mpya. Karatasi yake ilisema nguvu kubwa, unga mpya ukasema chini ya nusu. Sikuhitaji hesabu nyingine. Kitu ambacho nguvu yake inajulikana kikionekana dhaifu, anayedanganya ni anayepima. Nilikaa kitini na ile harufu ya waridi, nikatukana, na nilijua ninamtukana nani: msaga mihogo wa Kabambare. Nilikuwa na hakika amesagia ndani ya unga wangu mihogo yake.

Alhamisi nikapanda pikipiki. Kutoka Kasongo hadi Kabambare unafika ukiwa na tope hadi kwenye meno, na dereva anakwambia barabara leo ni nzuri. Nilimkuta muuguzi wa zamani kwenye ukumbi wa mashine yake, nyusi nyeupe kwa unga.

“Ah, Bwana Injenia! Karibu, karibu. Unga uliupenda?”

“Uliuchanganya na nini?”

Neno lilinitoka, nikalisikia likirudi masikioni. Lilikuwa neno lile lile nililompiga nalo mama mdogo.

Akaweka chini ndoo. “Mimi? Nichanganye? Baba, mimi nilichoma watu sindano miaka kumi na mbili, hakuna aliyekufa mukononi mwangu. Njoo hapa. Njoo uone kwa macho yako.”

Akanishika mkono, akanivuta hadi jikoni kwa mkewe. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa miti, na juu ya uchaga, pamoja na mahindi ya mbegu na samaki wakavu, zilikuwa zimepangwa ngozi tatu za ng'ombe, ngumu kama mbao, nyeusi chini na zinang'aa kwa masizi.

“Umeona? Hizi ndizo zilibaki. Uliandika ngozi bora, isiyoguswa na mududu. Nilizunguka vijiji sita! Nilitafuta zile zimekaa juu ya moto kupita zote. Hii hapa iko na miaka miwili juu ya moshi. Miwili, baba! Mududu akiiona anakimbia. Pale machinjioni walinipa za kuchuna siku ile ile, zinanuka, maji maji, nikawaambia mupelekee mbwa, Bwana Injenia hawezi kupewa uchafu.”

“Na ule weupe?”

“Ah, hapo nilitoka jasho. Chokaa kama ulivyoandika, kisha sabuni ya unga, mara tatu, kisha malimau. Na mama wa hapa akaongeza manukato kidogo. Juu ya heshima yako.”

Mkewe akainamisha kichwa kwa adabu.

Nilisimama katika jiko lile na macho yakiwasha. Moshi ni dawa ya ngozi. Unaingia ndani yake pole pole, unaishika, unaivisha nusu, na ndiyo sababu wadudu wanaiacha. Ngozi iliyokwisha kushiba moshi miaka miwili, uisage, uioshe, uipake maua ya waridi ya dunia nzima, haitakunywa ukakasi wa magome, kwa kuwa ndani hamna tena nafasi. Mtu yule alikuwa amekataa ngozi niliyoihitaji na kunitafutia kwa bidii, kijiji kwa kijiji, ngozi mbovu kuliko zote kwa kazi yangu. Na alifanya hivyo kwa sababu huku kwetu ngozi bora ni hiyo. Kila mtu anajua. Mama yangu alikuwa na moja juu ya uchaga wake, na mimi nililalia ngozi ya namna hiyo utoto wangu wote, nikiamka na harufu yake mashavuni.

“Mjinga wewe,” nikamwambia.

Hakukasirika. Aliingia ndani, akarudi na kitabu cha nyimbo za kanisa, na ndani ya kitabu zilikuwa zile karatasi zangu mbili, zimekunjwa vizuri. Akazifungua na kunipa.

“Nionyeshe pahali umeandika moshi.”

Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili. Chokaa, maji, kivuli, kinu. Niliandika kama mtu wa ng'ambo anayemwandikia mtu wa ng'ambo, ambako hakuna anayeweka ngozi juu ya mafiga. Sikuandika moshi popote.

Mkewe alitupa ugali na samaki wa moshi. Nilikula, kwa kuwa njaa haina elimu.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Mkokoteni ulikuwa umesimama karibu na magunia ya Lusangi, umeelekezwa mtoni. Wale wanawake watano walikuwepo. Mama mdogo alikuwa amekaa kando yao, bila aproni, mikono mapajani. Tajiri alikuwa anatafuna karanga.

“Bwana Injenia,” akasema, “sema tumwage, twende.”

“Hakuna anayemwaga kitu,” nikasema. “Leteni meza hapa nje.”

Nikaweka kila kitu mbele yao: mizani, chupa, jiko la mvuke, makopo mawili ya unga. La maziwa lililonukia waridi, na la ng'ambo, lenye lebo na namba ya toleo, na ndani yake lile pimo moja. Nilichukua magome kwenye gunia la mama mdogo, nikayachemsha, nikachuja. Kisha nikageuza kopo la ng'ambo juu ya fungu la pili na kuligonga kitako mpaka unga ukaisha. Unga ule ulikuwa kitu pekee katika chumba changu ambacho ningeweza kumwonyesha mwalimu wangu bila aibu.

Kazi ile haina haraka. Kutikisa dakika kumi, kuchuja kwa kitambaa, kukausha kwa mvuke, kuacha kipoe, kupima, kukausha tena, kupima tena. Watu wanaopenda miujiza walichoka wakaenda kivulini. Tajiri alimaliza karanga, akasinzia ndani ya kofia yake. Watu wa Salamabila hawajui kusubiri kitu ambacho hakichimbwi. Mama mdogo peke yake hakuondoa macho kwenye mizani, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Namba ilipotulia, ilikuwa karibu ile ile ya mwaka wa kwanza.

“Maganda ni safi,” nikasema. “Hayakuchanganywa. Unga niliopimia ndio ulikuwa mubaya.”

Tajiri akaamka. “Kwa hiyo diploma imekosea?”

“Diploma haikukosea. Ilinifundisha nilinganishe kopo jipya na la zamani kabla ya kufungua mdomo. Mimi ndiye sikulinganisha.”

Watu wakapiga kelele za furaha. Watu hawa hawajawahi kufurahia kitu nilichojua kama walivyofurahia kitu nilichokosea. Mmoja wa wafanyakazi akauliza kama sasa nitarudi kuosha sakafu. Nikamwambia sakafu niliyoosha mimi ilikuwa safi kuliko sahani anayolia yeye, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama mdogo hakucheka. Alisimama, akakung'uta kitenge.

“Sema tena,” akasema. “Yule mama wa sombe iko nyuma kule. Hakusikia.”

Ni kweli, alikuwepo, nyuma ya mkokoteni, amekuja kuona magome yakimwagwa. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi: magome ni safi, hayakuchanganywa, aliyekosea ni mimi.

“Sasa onja.”

Akanipa kipande cha gome. Nikakitia mdomoni mbele ya uwanja mzima, nikakitafuna. Ulimi ulikunjamana, mashavu yakavutwa ndani, meno yakawa kama yamevishwa sufu, na kwa muda mrefu sikuweza kutamka neno lolote. Katika muda huo mkokoteni uligeuzwa kuelekea mashimoni, na yeye mwenyewe akaufungua mdomo wa gunia la kwanza.

Siku hizi unga natengeneza mwenyewe, kwa ngozi ya machinjioni iliyochunwa siku ile ile, na kila kopo jipya linapimwa kwa kile kichupa cha dondoo kabla halijagusa gome la mtu. Muuguzi wa zamani bado anawaambia watu kwamba alinifundisha kazi. Mwache aseme. Aproni ilirudishwa Lusangi wiki iliyofuata, ikiletwa na yule yule mama wa sombe, na mama mdogo akaipokea baada ya kumwacha asimame mlangoni kwa kitambo.

Kopo tupu la ng'ambo mama mdogo aliniomba siku ile ya kupima, akiwa na mikono myekundu kwa magome. “Hii umemaliza nayo? Nipe nitie chumvi.” Nikampa. Nikienda kumsalimu naliona juu ya uchaga wake, katikati ya samaki na mahindi ya mbegu, ndani ya moshi. Lebo imekuwa nyeusi. Namba ya toleo haisomeki tena.